Njaa Haisikiki kwa Kiingereza

Mwanafunzi wa Ikutha, huko Ukambani, akisema "I am hearing hunger," darasa huangua kicheko, kana kwamba tumbo lake limeota masikio. Lakini kosa hilo lina akili zake. Kikamba kimekipa kitenzi kimoja, kwĩwa, kazi ya sikio, ya ngozi na ya tumbo, na Kiswahili nacho hakina tofauti: tunasikia muziki, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Mtoto amefikiri vizuri, ila fikira zake zimevaa sare ya shule nyingine. Ndiyo maana nashikilia kwamba atakayeinyosha sarufi ya Kiingereza aanze na sarufi ya nyumbani kwao, kwa kuwa mashimo ya barabara hii yamechimbwa huko.

Tazama kalamu. Kwa Kiswahili anayetoa huazima na anayepokea huazima, kitenzi ni hicho hicho. Mwingereza ana "lend" cha mpaji na "borrow" cha mpokeaji, ndipo tukapata "borrow me a pen", ombi linaloeleweka Kenya nzima isipokuwa katika karatasi ya mtihani. Tazama pia "yeye", asiyeuliza mtu ni wa kike au wa kiume. Kwa sababu yake insha zetu zimejaa akina mama wanaoitwa "he" na akina baba wenye ndevu wanaoitwa "she". Hatari zaidi ni "ndiyo". Sisi huikubali kauli, Mwingereza huukubali ukweli wa jambo. Daktari akiuliza kabla ya upasuaji, "You haven't eaten?", mgonjwa mwenye adabu hujibu "Yes," maana yake, naam, sijala. Daktari anasikia kwamba ameshiba, na upasuaji unaahirishwa. Mgonjwa anarudi wodini na njaa yake, asijue amekosa nini.

Kuna watakaosema kwamba mtahini hasahihishi akili, anasahihisha Kiingereza. Ni kweli, na mgonjwa wetu ni ushahidi kwamba kosa halifai kubembelezwa. Ila kumwambia mtoto "umekosea" ni kumfukia shimo moja na kumwacha atumbukie la pili. Akielezwa kwamba pale tulipo na neno moja wenzetu wana mawili, atapunguza mwendo kila akikaribia mpaka huo, hata mwalimu asipokuwepo.

Wengine watasema lafudhi ndiyo aibu yenyewe. Katika Kikamba b haitembei bila m, kama mtoto asiyeachia leso ya mama yake sokoni, ndiyo maana basi la kwenda Kibwezi ni mbasi. Haya, tucheke. Tukimaliza, tumuulize Mwingereza kuhusu "debt". Neno hilo alilipata kwa Wafaransa bila b. Wasomi wakaichomeka baadaye ili lifanane na Kilatini, na hadi leo kila mtu anaiandika na hakuna anayeitamka. Kati ya anayetamka herufi isiyoandikwa na anayeandika herufi isiyotamkwa, sioni nani amcheke mwenzake.

Tena lafudhi hii imewahi kushinda. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johannes Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba, huko Kitui, aliuona mlima wenye theluji. Wakikuyu waliuita Kĩrĩnyaga. Wakamba, ambao lugha yao haina r, waliuita Kĩĩnyaa. Krapf aliandika alivyosikia kwa wenyeji wake: Kenia. Jina likatoka mlimani likaenda kwa koloni, kisha kwa jamhuri. Basi mtahini na amkate alama mtoto wa Ikutha kwa "hearing hunger", ndiyo kazi yake. Ila kabla hajaishika kalamu nyekundu, atupie jicho jina la nchi lililopigwa chapa juu ya karatasi hiyo, aone ni ulimi wa nani ulioliumba.