Ndoa Yangu na Baba Mkwe

Winnipeg, Kanada

Shangazi, Baba Mdogo, na nyote wa barazani Ngamiani,

Mke wangu na mtoto walifika salama, na mtoto alipotoka tu mlango wa uwanja wa ndege akauliza nani kaacha friji wazi. Najua hapo barazani imeshapitishwa kwamba nilichelewa kuwaleta kwa makusudi. Basi naomba nisikilizwe kabla sijahukumiwa.

Mji wetu unasifiwa kwa waja leo, waondoka leo. Huku hakuna aendaye namna hiyo. Kumleta mke kunaitwa kumdhamini, nami nilidhani ni kama kumdhamini mtu polisi: unakwenda na barua ya mjumbe, unatia saini, mtu anatoka. Kumbe mtuhumiwa ni mimi. Mnajua nilivyoondoka hapo kapera, nikapata ukazi wa kudumu, nikaja likizo nikaoa, nikarudi huku peke yangu, mtoto akazaliwa hospitali ya Bombo mimi nafagia theluji. Sasa nadai nina mke. Uhamiaji wakasema vizuri, tuonyeshe.

Pale mtaani nani angeniuliza? Turubai la harusi lilifunga njia siku mbili, bodaboda zikawa zinazungukia barabara ya pili, na jirani mpaka leo anadai sufuria lake. Lakini afisa wa uhamiaji hakula pilau letu. Yeye anakula karatasi.

Wanataka picha, zisizozidi 20. Nikafurahi, maana picha tunazo. Nikazimwaga mezani, nikachagua iliyo bora, ile ya akdi, yenye mwanga mzuri. Nimekaa mkekani na kanzu na joho, nimeshikana mkono na baba mkwe, gumba kwa gumba, tumetazamana machoni, na wanaume hamsini wametuzunguka wanatabasamu. Bibi harusi hayumo. Yuko ndani na wanawake, kajifunika, anasubiri kuambiwa kama ameshaolewa. Mtu wa huku ukimwonyesha picha hii ukamwambia ndiyo ndoa yako, atakupa hongera kwa moyo safi, kisha ataandika jina la baba mkwe kwenye nafasi ya mke.

Ikabidi niandike ukurasa mzima kueleza kwamba yule mzee ndiye walii, kwamba nilimshika mkono yeye lakini nilimwoa bintiye, na kwamba baada ya hapo sikuishi naye hata siku moja. Za kutokea ndani kwa wanawake zikapatikana nne, alizopiga binamu kwa simu yake. Shangazi, nakushukuru, umo katika zote nne. Katika tatu unatafuna. Uso wako umechunguzwa na serikali ya Kanada kabla ya uso wa bibi harusi.

Fomu nayo ina maswali kama ya kungwi. Mlikutana wapi? Nani aliwakutanisha? Nani wa familia hakuhudhuria harusi, na kwa nini? Hapo nilitafakari sana kama niandike habari ya Mjomba wa Pongwe na lile shamba la minazi. Nikaandika kwamba alikuwa na udhuru.

Kilichonimaliza ni ujumbe wa simu. Ili kuonyesha kwamba mume na mke wanawasiliana, unapeleka mazungumzo yenu, kama kurasa 10, na yakiwa si ya Kiingereza wala Kifaransa lazima yatafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Wewe mwenyewe huruhusiwi, wala ndugu yako. Nikampelekea mama mmoja wa Kikenya mwenye muhuri wake. Akasoma kwa sauti, mimi nimekaa mbele yake nimeshika kofia.

“Umekula?”

“Nimekula. Wewe umekula?”

“Bado.”

“Kula.”

Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Akasema, “Baba, kurasa nane ni habari za chakula. Hawa watu watafikiri mna hoteli.” Nikamwambia mama, wewe na mimi tunajua hayo ndiyo mapenzi yenyewe, mzungu ndiye hajui. Akacheka, akaendelea, mpaka akafika kwenye ujumbe mmoja wa saa sita usiku. Neno moja tu: “Haya.” Akavua miwani. “Hii haya ni ipi? Ya kukubali, ya kuaga, au ile yenyewe?” Nikainamisha kichwa, nikasema ile yenyewe. Akaitafuta kwa Kiingereza, hakuipata. Mwishowe akaandika neno lao la kukubali, akapiga muhuri. Kwa hiyo kuna faili la serikali linalosema mke wangu usiku ule aliridhika. Nanyi mnamjua.

Baada ya cheti cha polisi, alama za vidole, na kupimwa na daktari aliyeteuliwa na wao wenyewe, ikabaki saini yangu mimi. Hapa Baba Mdogo sogea karibu. Mahari ulinisaidia kulipa ukasema nimekwisha kuoa. La. Mdhamini anatia saini kwamba atamlisha, atamvika na kumlaza mke kwa miaka 3 tangu siku anayopata ukazi, na asipofanya hivyo, mke akaingia kwenye msaada wa serikali, mdhamini atadaiwa arudishe. Kwa mtoto ni miaka 10, au mpaka afikishe 25, itakayotangulia. Ndoa ikivunjika, ahadi haivunjiki. Ukifukuzwa kazi, haivunjiki. Talaka tatu kwa mpigo hazifuti hata nukta. Nilitia saini mkono ukitetemeka, na haikuwa baridi.

Basi wakaja, alhamdulillahi. Sasa niseme lile ambalo Baba Mdogo amenitumia ujumbe mara tano kuliulizia. Ni kweli, huku kuna posho ya watoto. Mtoto wa chini ya miaka 6 kiwango cha juu ni dola 7,997 kwa mwaka, kwa hesabu ya Julai 2025 mpaka Juni 2026, na wa miaka 6 hadi 17 ni dola 6,748. Kwa hesabu hiyohiyo, kipato cha nyumba kikivuka dola 37,487, posho inaanza kupungua, na yangu imepungua. Ni kweli pia kwamba umejitolea kunitumia wajukuu saba. Ahsante. Lakini mtoto lazima awe anaishi na wewe na unamlea wewe, na kila mwaka mume na mke wote wawili wapeleke ritani ya kodi, hata asiye na kipato. Usipopeleka, posho inasimama.

Kwa mgeni wanauliza pia alipata nini duniani kote kabla hajafika. Mke wangu, kama mjuavyo, alikuwa akikaanga maandazi. Nikamuuliza, “Mwaka jana uliingiza kiasi gani?” Akauliza, “Kabla ya mkopo wa watu au baada?” Tukapiga hesabu ya unga, mafuta, kuni na walioondoka bila kulipa, tukageuza kwa dola. Maandazi ya Ngamiani yamo kwenye vitabu vya kodi vya Kanada.

Fomu ya posho niliijaza kwa jina langu. Mimi mdhamini, mimi ndiye niliyetia saini ya miaka 3 na ya miaka 10, fedha iingie kwa nani mwingine? Nikaambiwa baba na mama wakikaa nyumba moja, mlezi mkuu huhesabiwa kuwa mama. Baba akitaka kuhesabiwa yeye, alete barua iliyosainiwa na mama, ikisema kwamba baba ndiye anayemlea mtoto zaidi.

Nikampelekea mke karatasi na kalamu. Alikuwa anamvua mtoto nguo za theluji, kipande kimoja kimoja, kama anayemenya kitunguu. Akaishika kalamu, akanitazama.

“Mwanao anavaa kiatu namba ngapi?”

Nikatazama dirishani. Theluji ilikuwa inaanguka vizuri sana.

“Haya,” akasema, akanirudishia kalamu. Nami sikuhitaji mtafsiri.

Basi kila mwezi, inapokaribia tarehe 20, posho inaingia kwenye akaunti ya mke. Yeye anatoa sehemu yake ya upatu inakuja huko, ananunua vya mtoto, na mimi mdhamini, mwenye kulisha na kuvisha kwa amri ya serikali, namwomba nauli ya basi.

Shangazi, utuombee dua. Na Baba Mdogo, usinitumie watoto, nitumie viatu vya Idi vya binti yangu. Namba 8 za huku, mguu sentimita 15. Nimempima mwenyewe jana usiku, akiwa amelala.

Wasalaam,
Mwanenu wa kwenye friji