Nahodha Asiyeuzwa

Mtu akiulizwa ni nani, nje ya jamaa zake wa damu, aliyeishi naye muda mrefu zaidi bila ya ugomvi, adabu humtaka ataje sahibu wa utotoni, au jirani mwema, au walau mdai wake ambaye wamezoeana. Lakini mimi, mkazi wa Kitangiri hapa Mwanza, mtu mzima mwenye mke, watoto na hadhi ya kiasi mtaani, nikitaka kusema kweli sina budi kumtaja Mbwana Samatta, ambaye hajapata kuniona wala kunisikia, na ambaye nimemlipa mshahara, nimempa unahodha na kumliwaza katika vipindi vya maradhi tangu alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hadi akawa mzee wa miaka thelathini na minane, umri ambao yeye mwenyewe, kwa kalenda ya walimwengu wengine, bado hajaufikia.

Simsemi Samatta wa nyama na damu. Nimsemaye ni yule aliyemo ndani ya Football Manager, mchezo wa kompyuta ambao aupendaye hapigi mpira hata mara moja, bali huketi usiku kucha akisoma ripoti, akijibu maswali ya waandishi wa habari wasiokuwapo duniani, akipanga mazoezi na kutia sahihi mikataba ya watu wasiomwomba kazi. Waliouanzisha ni ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, na mchezo wao wa kwanza, uliotoka mwaka 1992, uliitwa Championship Manager. Jina lilibadilika mwaka 2004 walipoachana na mchapishaji wao, lakini uraibu ukabaki ule ule. Humo kila mwanasoka amepimwa kwa alama kuanzia 1 hadi 20: kasi, umaliziaji, ujasiri, uongozi, hata uwezo wa kuruka juu, nami sijui kama kuna mwanadamu aliyepata kupimwa kwa insafu namna hiyo kabla ya siku ya hesabu.

Toleo langu ni la 2017, nalo ni la mwisho ambalo kompyuta yangu mpakato iliweza kulibeba bila ya kulalamika. Waliponiambia kwamba toleo la 2025 limefutwa na wenyewe kabla ya kutoka, na kwamba vijana wa Ulaya wamefadhaika, niliwaonea huruma kwa mbali, maana mimi nilikuwa na shughuli zangu katika msimu wa 2030. Mwaka ambao toleo langu lilitengenezwa, Samatta alikuwa amekwisha kuhama TP Mazembe ya Lubumbashi na kujiunga na KRC Genk ya Ubelgiji, Januari 2016, wiki chache baada ya kutawazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wachezao ndani ya bara. Nikaishika Genk kwa ajili yake. Nilimkuta pamoja na Wilfred Ndidi, Leon Bailey na Leandro Trossard, vijana hodari wote, na wote niliwauza kwa bei nzuri pasipo kudondosha chozi. Mbwana nilimvika kitambaa cha unahodha.

Asiyekulia kando ya ziwa hili huenda asielewe kwa nini. Sisi wa Mwanza tumezoea kulea ili wengine wavune. Pamba, ambayo wakongwe huiita TP Lindanda, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurejea mwaka 2024. Toto Africans ilishuka mwaka 2017. Mbao, iliyotutoa machozi ya furaha mwaka huo huo kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2–1 kule Dodoma katika muda wa nyongeza, nayo haikudumu. Kijana aking'ara misimu miwili katika uwanja wa CCM Kirumba, basi la kwenda Dar es Salaam limekwisha kuwashwa injini. Mrisho Ngassa ni mzaliwa wa mji huu, lakini shangwe zake nyingi zilipigwa Jangwani, Msimbazi na Chamazi. Yanga walikuwa na Nadir Haroub, yule waliyemwita Cannavaro, akawakalia miaka nenda miaka rudi hadi akawa kama sehemu ya jengo. Sisi tulikuwa na nani? Ndiyo maana nilipopewa, kwa njia ya mashine, mamlaka ya kumzuia mtu asiondoke, niliyatumia kwa raghba ambayo sikuwa nayo katika jambo jingine lolote la maisha yangu.

Taabu ilianza pale Samatta wa kweli alipoanza kuenenda kinyume cha mkataba wangu. Msimu wa 2018–2019 tulikuwa tumeafikiana vizuri, yeye na mimi: aliipa Genk ubingwa wa Ubelgiji kwa mabao 23, nami niliipa Genk ubingwa, kwa mabao machache zaidi ambayo sitayataja kwa kuchelea kuonekana najisifu. Kisha Januari 2020 akahamia Aston Villa. Nchi nzima ikashangilia, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Na tarehe 1 Machi, alipopiga kile kichwa cha kuchupa katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley, baa niliyokuwamo hapa Kirumba ililipuka hata meza ya sato wa kukaanga ikapinduka. Mimi nilibaki nimeketi. Jirani yangu wa kiti, akiwa amejaa mchuzi hadi viwikoni, akaniuliza, "Vipi mzee, wewe si Mtanzania?" Ningemwambia nini? Kwamba mtu yule alikuwa amenitilia sahihi mkataba hadi 2024, na kwamba asubuhi ile ile nilimwacha Genk akiwa mzima na mwenye furaha? Villa walifungwa 2–1, nami nikasingiziwa kuwa ndiye mwenye nuksi.

Tangu siku hiyo Mbwana wawili wakafuata njia mbili. Wa kwanza alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki, akacheza Antwerp, akarudi Genk kwa mkopo, akaenda PAOK ya Ugiriki, na kisha Le Havre ya Ufaransa. Ni safari ya fahari na namwombea heri. Wa pili hakutoka Genk asilani.

Sasa niseme habari ya mama mkwe. Anakaa Sengerema, ng'ambo ya ghuba, na kwa miaka mingi foleni ya kivuko ilitupatia sote wawili udhuru mwema wa kuheshimiana kutoka mbali. Lakini daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilipofunguliwa Juni 2025, udhuru ule ukafa, naye akaja kututembelea. Usiku mmoja, nikidhani nyumba imelala, nilimpigia simu sahibu yangu wa Bukoba, mwenye maradhi kama yangu, nikamwambia kwa sauti ya msiba: "Mbwana amevunjika mguu. Daktari anasema miezi minane. Na kwa umri ule, sijui kama atasimama tena." Sahibu akanyamaza kwa staha, kisha akasema, "Pole sana kaka. Usimwambie mapema, atakata tamaa."

Ukuta kati ya sebule na chumba cha wageni ni wa mbao.

Mama mkwe hakuniuliza neno, kwa sababu ni mtu wa haya, na pengine alidhani Mbwana ni ndugu yangu ambaye alipaswa kumjua tangu siku ya mahari. Alichofanya ni kwenda kwa kina mama wa jumuiya, ambao alikuwa amesali nao tangu afike, akawapa habari. Na alasiri ya siku iliyofuata, nikiwa nimevaa kikoi na singilendi, nikaona msafara unapanda mawe ya njia yetu: kina mama waliojitanda khanga za heshima, mchele, sukari, na kuku hai aliyefungwa miguu, ambaye ndiye pekee katika kundi lile aliyeonekana kutilia shaka madhumuni ya safari.

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa, baba," akasema kiongozi wao.

"Mgonjwa yupi, mama?"

"Mbwana."

Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sikupata kuliona tangu tufunge ndoa. Nilifikiri kukimbia, nilifikiri kusema kwamba amekwisha kupelekwa hospitali ya Bugando, mwishowe, kwa kuwa uongo mbele ya kina mama wanaosali una gharama kubwa kuliko aibu, nikaileta kompyuta, nikaiweka juu ya meza penye sukari, nikawaonyesha jina lake pamoja na alama nyekundu ya majeruhi pembeni. Mwanangu wa kiume, ambaye Mungu hakumjalia huruma, akapaza sauti: "Bibi, Samatta mzima! Jumapili alicheza!"

Pakawa kimya. Kisha ajuza mmoja miongoni mwao, aliyekuwa ameinamia kioo muda wote akiwa ameshika miwani kwa vidole viwili, akauliza swali ambalo wanafalsafa wa mchezo huu hawajapata kuliuliza: "Sasa huyu wa humu ndani, anaumia au haumii?"

Nikajibu kwamba, kwa kadiri ya ilimu ya mchezo wenyewe, anaumia.

"Basi tumwombee."

Wakaomba. Muumini wa Kiislamu, akiwa kalazwa Ubelgiji, ndani ya mashine, hapa Kitangiri, akaombewa na Wakatoliki wa Sengerema na Mwanza kwa pamoja, na hapana aliyeona ajabu isipokuwa mwanangu. Kuku hakurudi nao. Na msomaji aamini asiamini, Mbwana alirejea mazoezini mwezi mzima kabla ya tarehe ya daktari, na hata leo mama mkwe akipiga simu, baada ya kuuliza hali ya binti yake na wajukuu, humalizia kwa kuuliza, "Na Mbwana hajambo?" Yangu haulizi.

Msiba wa umeme nitausimulia upesi, kwa sababu bado unaniuma. Fainali ya Ulaya, dakika ya themanini, nikamwingiza mzee wangu ambaye kasi yake ilikuwa imeshuka hadi alama 6, akafunga bao la ushindi kwa kichwa. Nikasimama, nikapiga makofi peke yangu, nikanyoosha mkono kuhifadhi mchezo, na umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa zamani. Uliporudi, mashine haikukumbuka lolote. Tulicheza fainali ile ile upya tukafungwa 4–0 na Mbwana akatolewa kwa kadi nyekundu. Nilimweleza mke wangu kwamba tulikuwa tumetwaa ubingwa wa Ulaya kwa muda wa nusu dakika. Akauliza kombe liko wapi.

Lakini jaribio kubwa kuliko yote lilitoka katika damu yangu mwenyewe. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo cha Nyegezi, kijana wa mahesabu, aliachiwa kompyuta Jumamosi moja nilipokwenda Mwaloni kununua dagaa. Niliporudi nikamkuta ana furaha ya mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

"Mjomba, nimekusaidia. Klabu moja ya Uchina imeleta pesa kwa yule mzee, nimemwachia. Tumepata vijana watatu."

"Umemwachia nani?"

"Mjomba, ana miaka thelathini na minane! Kasi 6! Anakula mshahara tu!"

Nilimkalisha chini, mfuko wa dagaa ukiwa bado mkononi, nikamsomesha. Nikamweleza habari za Tonton Zola Moukoko, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Sweden, ambaye katika Championship Manager ya 2001–2002 alikuwa jabari wa kutisha, na hata leo watu wa makamo wakimtaja sauti huwatetemeka, ingawa katika dunia hii hakupata kuichezea timu ya kwanza ya Derby County hata mechi moja. Nikamweleza habari za Maxim Tsigalko wa Belarus, aliyefunga ndani ya mchezo huo mabao yasiyo idadi, ambaye majeraha yalimstaafisha mapema, na alipofariki mwaka 2020 akiwa na miaka 37, alililiwa na watu wa mataifa ambayo hakupata kuyakanyaga. "Hao wote," nikamwambia, "wangeuzwa na mtu kama wewe kwa sababu ya alama 6."

"Mjomba," akajibu, akiwa ametulia kwa namna ya kuudhi, "kasi 6 ni kasi 6."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hatuchezi mchezo mmoja. Yeye huona nambari zishukazo, wala hakosei. Kasi hushuka, nguvu hushuka, mashine haina upendeleo. Mimi huona kwamba uongozi bado ni 18, na kwamba chumba cha wachezaji hunyamaza anapoinuka kusema, ingawa nakiri sijapata kumsikia. Tukarudi kwenye mchezo uliohifadhiwa asubuhi yake, kabla ya mauzo, jambo ambalo mpwa wangu aliliita wizi nami nikaliita haki, na hatujapatana hadi leo.

Mashine imekwisha kuniarifu kwamba nahodha anafikiria kustaafu mwisho wa msimu. Nimemtengea kazi ya kufundisha washambuliaji, kwa mshahara ambao bodi imeuona mkubwa na mimi nimeuona mdogo. Mpaka siku hiyo ataketi benchi, ataingia dakika tano za mwisho, na klabu zote zinazoleta barua kila Januari, za Uchina zikiwa za kwanza, zisijisumbue tena kwa karatasi. Mbwana hauzwi.