Jimny Yavaa Viatu Virefu

Hongera, mheshimiwa. Suzuki Jimny yako sasa imevaa viatu virefu. Umenunua gogo la nailoni, fundi wa jua kali akalikata vipande vya inchi 2, akavipachika kati ya bodi na chesisi, akakaza bolti ndefu zaidi. Ukipita Port Victoria hata wauza omena huinua macho.

Ila Mto Nzoia hautazami bodi. Ukifurika hapa Budalangi, jambo ulilolizoea miaka nenda miaka rudi, maji huanzia chini, na chini ndiko iliko difu, palepale ilipokuwa kabla hujatoa pesa. Kilichopanda ni kiti chako (na heshima, tusinyimane haki). Difu haiinuliwi ila na tairi kubwa. Vipande vile kazi yake ni kuzipa tairi hizo nafasi, nawe ungali na zilezile za zamani.

Tena bodi haipandi peke yake. Imeondoka na rejeta, feni ikabaki chini na injini yake, na sasa inasaga kava ya rejeta kila ukikanyaga mafuta. Shafti ya usukani nayo ilitaka kurefushwa. Nasikia fundi amekuhakikishia kwamba mlio huo ni wa nguvu.

Hata hivyo umewazidi wale wanaotuahidi kuinua kingo za Nzoia kila msimu wa kampeni: wewe angalau umeinua kitu.