Sifa za Ukosefu wa Uzoefu

Ujana umesifiwa, uzuri umesifiwa, hata ukapera una watetezi wake. Ukosefu wa uzoefu haujapata mtu. Unatajwa kwenye matangazo ya kazi tu, nako ni kwa kufukuzwa: mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka miwili. Basi niusifu mimi, hasa pale unapobisha hodi kuomba kazi ya kuajiri watu, ule uafisa rasilimali watu wa ngazi ya chini kabisa: kupokea maombi, kuchambua wasifu, kupiga simu na kupanga viti nje ya chumba cha usaili.

Heshima yake ya kwanza ni kwamba hauna karatasi. Vyeti vina visa vyake: vigongwe muhuri na wakili, yasiwe matokeo ya muda, na jina likipishana herufi moja na la cheti cha kuzaliwa, tafuta hati nyingine. Uzoefu nao una bosi wa zamani, ambaye akipigiwa simu anaweza kukumbuka mambo. Ukisema huna uzoefu, jopo zima linakuamini hapohapo. Ni sentensi gani nyingine ya wasifu wako yenye bahati hiyo?

Tena si mtupu kama unavyosingiziwa. Binti aliyemaliza chuo na kusaka kazi Tanzania hii anaujua usaili wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano. Amesoma yale matangazo yanayomkumbusha msailiwa kwamba chakula, usafiri na malazi ni juu yake, akakopa nauli ya basi hadi Dodoma na kulala kwa ndugu ambaye hawajuani vizuri. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Darasa kubwa kama lile la namna ya kuita watu kwenye usaili, na namna ya kutowaita, chuo gani kimewahi kulifungua? Na ada haikulipwa, ukiacha nauli.

Halafu ukosefu wa uzoefu hujiandaa. Mzoefu huingia na koti lake na kujiamini kwake. Binti wetu amelisoma tangazo mpaka nukta. Ameifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, akafika kifungu cha 7, akakuta ubaguzi wa jinsia, ujauzito, ndoa na ulemavu umekatazwa, na mwombaji kazi naye yumo ndani ya ulinzi huo. Hapo likamjia akilini jopo fulani lililowahi kumuuliza kama ana mchumba na anatarajia kuzaa lini. Wakimuuliza kesho yeye angesaili vipi, jibu analo: maswali yaandikwe kabla, wote waulizwe yaleyale, na kila mjumbe aweke alama zake kabla watu hawajaanza kunong'onezana kwamba yule kijana ni mtoto wa fulani. Yamo vitabuni, lakini yeye aliyatamani kwanza akiwa kwenye kiti cha msailiwa.

Mazoezi anafanyia jikoni, mama mdogo akiwa mwenyekiti wa jopo.

“Udhaifu wako ni upi?”

“Napenda sana kila kitu kiwe kamili.”

“Hiyo kila mtu anasema. Mbona hutaji kuamka?”

“Mama mdogo, kwenye usaili hawaendi huko.”

“Basi hawajakujua.”

Jopo makini zaidi ya hilo hatalikuta mjini. Akabadilisha jibu: sasa anasema huchelewa kuanza jambo asiloelewa, kwa hiyo huuliza mapema na kuandika anachoambiwa. Lina ukweli ndani yake, na mama mdogo amelipitisha kwa shingo upande. Swali la mshahara wameliruka. Ofisi ina kiwango chake tayari, inataka kusikia tu kama utakitaja cha chini zaidi.

Limebaki lile la mwisho, mwenyekiti anapofunga faili na kuuliza kama msailiwa ana swali. Binti wetu ameliandaa lake: “Wale mtakaowaacha, mtawajulisha lini, na nani atawapigia?” Mwenye uzoefu wa miaka kumi angeuliza habari za posho.