Mjomba Spana Anajibu: Pijo au Mapanki ya Pijo?

Mjomba Spana, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi hapa Kiseke, upande wa nyumba za PPF. Nikienda Nyakato huwa napita kwenye yadi moja ya vyuma chakavu, na wiki mbili zilizopita niliona Pijo 504 imelazwa ubavu juu ya magunia ya makopo. Taa zake za mbele bado zina yale macho ya usingizi. Marehemu baba mdogo alikuwa na Pijo kama hiyo. Mlango wa nyuma ulikuwa umebonyea, akatuambia ni bomu la Amin. Mwenye yadi anataka milioni moja na laki mbili, na anasema Jumatatu lori linakuja kubeba mzigo kwenda kiwanda cha nondo. Mjomba, silali. Niinunue?
— Mwalimu Asiyelala, Kiseke

Marahaba, mpwa wangu. Mwangaluka.

Kwanza tuliondoe hilo bomu njiani. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ililenga Mwanza ikakosa, mzigo wake ukaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Sasa niambie, Pijo ya baba yako mdogo ilikuwa inafanya nini kisiwani na wanyama? Mlango ule uligonga nguzo. Ningekuwa mimi, ningeanza uchunguzi na nguzo zilizo jirani na baa za Kirumba.

Tuje kwenye bei. Pijo 504 saluni ilipotoka kiwandani ilikuwa na kilo 1,200 hivi. Wewe ni mwalimu, gawanya: elfu moja kwa kilo. Huyo bwana hakuuzii gari, anakuuzia chuma kwa mzani, tena anakupimia na vitu ambavyo havipo. Betri najua haipo. Rejeta nayo sidhani, na waya za shaba zilishaondoka kabla gari halijafika getini. Sisi wa Mwanza jambo hili hatufundishwi na mtu. Sangara akitolewa minofu kiwandani, kinachobaki ni mapanki, na hakuna anayekwenda sokoni akanunua mapanki kwa bei ya sangara mzima. Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, jiulize: ile ni Pijo au ni mapanki ya Pijo?

Nenda asubuhi, usiende jioni, maana jioni kutu inapendeza. Beba sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio inatosha. Ipitishe chini ya milango, kwenye kingo za matairi, halafu sakafuni pale dereva anapoweka visigino. Ikishika, ni bati. Ikidondoka, ni puti iliyopakwa rangi, na fundi bodi atakula mishahara yako ya mihula miwili kabla hata injini haijaguswa. Mimi nimewahi kuinua kapeti ya gari la kuuziwa, nikamwona kifaranga akipita chini. Mwenye gari hakushtuka. Alinieleza kwamba hiyo ni njia ya hewa.

Injini isikutie hofu sana kama bado ipo. Ya 504 ina slivu zinazochomoka, kwa hiyo fundi anayejua kazi anaweza kubadilisha slivu na pistoni bila kupeleka bloku kuchongwa. Majirani zetu Kenya waliendelea kuziunganisha pikapu zake miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha saluni mwaka 1983, ndiyo maana ukitafuta spea ya Pijo utaambiwa usubiri mtu anayekuja kupitia Sirari. Atakuja. Ila hatakwambia wiki gani.

Najua pia kuna mtu kijiweni ameshakuhubiria Safari Rally. Ni kweli 504 ilishinda mwaka 1975, ikashinda tena 1978, ingawa ile ya 1978 ilikuwa coupé yenye injini ya V6, si hii ya kubebea mahindi. Na kama amekutajia Joginder Singh, hajakosea: mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 ya mkononi, iliyokuwa imeshapigishwa rali mwaka mmoja nyuma. Lakini mpwa, Joginder alikuwa fundi, mtoto wa gereji. Gari la mkononi kwa fundi ni kazi. Kwa mwalimu ni mtoto mwingine wa kusomesha, na huyu hana likizo.

Sasa swali ambalo barua yako nzima imelikwepa: kadi iko wapi? Mwambie mwenye yadi akuoneshe kadi ya gari, ulinganishe namba ya chesisi kwa macho yako, si kwa macho yake. Akikuonesha, soma jina. Kama mwenye jina ni marehemu, basi hununui Pijo peke yake, unanunua na kikao cha ukoo. Kama kadi hakuna kabisa, unachokiona pale ni bati lenye usukani, na hakuna trafiki atakayekuelewa hata umsimulie mpaka machozi.

Hukumu yangu: kadi ipo, sumaku imeshika sakafu, injini ipo hata kama imekwama, mpe laki sita na umkodi mtu wa winchi siku hiyohiyo, kabla ya Jumatatu. Kimoja kikikosekana, nunua zile taa mbili, uende nazo nyumbani, ulale.

*

Mjomba, mume wangu ana Datsun 120Y juu ya mawe uani tangu nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Mtoto yuko kidato cha pili. Kila Krismasi anasema “mwaka huu naiamsha.” Kuku wanataga kiti cha nyuma. Mwezi ujao anasafiri kwenda Bukoba. Nimwite kijana wa mkokoteni wa vyuma chakavu?
— Mama Kuku, Kiseke

Hapana, mama. Ukiuza gari la mtu akiwa safarini, akirudi mtazungumza habari za Datsun mpaka uzeeni. Tena mume wako ana akili kuliko unavyodhani. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta, na gari lililo juu ya mawe halinywi mafuta. Halimdai kitu. Halafu hebu hesabu mayai: pengine ndilo gari pekee mtaani kwenu linaloingiza zaidi ya linachotumia.

Unachoweza kufanya ni kumwomba aniandikie, kwa mkono wake, jina la fundi na tarehe. Asipoweza kuandika jina la fundi, hana mpango, ana kumbukumbu. Hapo muuze wote wawili mkiwapo, na pesa igawanywe mezani. Kuku wapewe banda kwanza.

*

Mjomba, Land Rover 109 iliyowekwa injini ya Toyota bado ni Land Rover?
— Kijana wa Buswelu

Kwenye kadi imeandikwa injini namba ngapi? Kama bado ni ile ya zamani, swali hili litajibiwa na trafiki kabla yangu.

*

Wasomaji wangu, barua za magari yaliyo yadini zimekuwa nyingi kuliko za ndoa. Anayetaka jibu haraka atume picha. Isiwe ya taa wala ya nembo, hizo zote ni nzuri. Ingia chini ya gari, upige sakafu.