Kazi Sita Zinatosha: Mwongozo wa Mvivu Anayetaka Kuonekana Mchapakazi

Najua kilichokuleta. Wewe ni mpiga picha, au mchoraji, au unabuni nembo na mabango, na kazi zako ni nzuri. Mama yako amesema hivyo, na marafiki wanazisifu kila ukiziweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Juzi mteja mwenye pesa zake akakuuliza, "Kazi zako naziona wapi?" Ukamjibu, "Tovuti bado inatengenezwa." Jibu hilo unalitoa tangu mwaka juzi.

Usijilaumu. Fundi anapenda kusifiwa kuliko anavyopenda kupanga mafaili, ndivyo tulivyoumbwa. Nitakupa njia za mkato. Nyingine zinapakana kabisa na udanganyifu, lakini zote ni halali ukishika sheria moja: ficha, usibuni. Ficha kazi mbovu, ficha tarehe, ficha uvivu, kwa sababu hakuna mgeni anayedai kuonyeshwa jikoni. Ila usibuni mteja ambaye hukumpata, wala usiweke kazi ya mwenzako kwa jina lako. Huo ni wizi, na mji wetu ni mdogo. Mwenye kazi ataiona, na hutapata pa kuuweka uso.

Hatua ya 1: Punguza mpaka uumie

Chagua kazi sita. Ukiwa nazo mia mbili, sita. Ukiwa nazo tisa, sita.

Umewahi kumtazama mama anayepanga nyanya mafungu sokoni? Zilizoiva vizuri anaziweka juu, zenye kidonda chini. Ujanja huo unamsaidia mpaka mteja aligeuze fungu. Kwenye tovuti kila mgeni ni mgeuza fungu: anasukuma kidole mara tatu amefika chini kabisa, na nyanya atakayoikumbuka ni ile iliyooza. Kwa hiyo panga fungu la nyanya za juu tupu.

Kipimo cha kuchagua ni rahisi. Kazi yoyote ambayo ukiionyesha unajikuta unasema "hapa mteja ndiye alitaka hivi", itoe. Hutakuwepo kumweleza mgeni wakati anatazama peke yake, usiku, kitandani.

Hatua ya 2: Panga kama Leonardo

Mnamo mwaka 1482 hivi, Leonardo da Vinci alitaka kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Akaandaa barua ya kujinadi. Unadhani alianza na uchoraji? Alianza na madaraja ya kubebeka vitani, akaendelea na mizinga, mahandaki na magari ya kivita. Uchoraji aliugusa mwishoni. Mtawala alikuwa na maadui, na Leonardo alijua mwenye maadui anatafuta nini. Milan ikampokea, na baadaye Sforza huyohuyo ndiye aliyemwagiza ule mchoro wa Karamu ya Mwisho.

Fanya vivyo hivyo. Unatafuta kazi za harusi? Picha ya kwanza iwe ya harusi, hata kama moyo wako uko kwa ndege wa Ngorongoro. Unataka kubuni vifungashio vya unga na asali? Anza na kifungashio. Kazi unayoipenda wewe iweke ya tano. Ile yenye nguvu kuliko zote iwe ya kwanza, inayoifuata kwa nguvu iwe ya mwisho, maana mtu hukumbuka alivyopokelewa na alivyoagwa.

Hatua ya 3: Futa tarehe

Mwaka ulioandikwa chini ya kila picha ni shahidi anayekuja mahakamani bila kuitwa. Uondoe. Kazi nzuri ya miaka mitano iliyopita bado ni kazi nzuri. Mgeni akiona mwaka ndipo anaanza kujiuliza tangu hapo ulikuwa wapi. Shuka mpaka mguuni mwa ukurasa, pale penye alama ya hakimiliki na mwaka uliokwama. Ufute, au mwombe aliyekutengenezea tovuti aufanye ujibadilishe wenyewe kila Januari.

Sehemu ya "Habari Mpya" iondoe leo hii. Ni mbuzi uliyemfunga uani halafu ukasafiri. Usifuge usichoweza kulisha.

Mteja akikuuliza mwaka, mtajie mwaka wa kweli. Kunyamaza ni kuficha. Kutaja mwaka wa uongo ni kubuni.

Hatua ya 4: Punguza uzito wa picha

Hapa wengi wanafukuza wageni bila kujua. Picha kutoka kamera ya kisasa inaweza kuwa na pikseli 6000 kwa 4000 na kufika MB 10. Ukipakia sita hivyohivyo, umemtaka mgeni alipie MB 60 za bando lake ili akusifu. Yuko kwenye daladala, mtandao unasuasua, kiduara kinazunguka. Ameshuka kituoni kwake hajaona kitu.

Punguza kila picha mpaka upande mrefu uwe pikseli 2000, faili lisizidi KB 400. Programu za bure za kazi hiyo zimejaa. Picha zote sita sasa hazifiki hata MB 2.5, na kwenye kioo cha simu hakuna jicho litakaloona tofauti.

Faida ya pili ni tamu zaidi. Picha ya pikseli 2000 ikichapwa kwa ubora wa magazeti, nukta 300 kwa inchi, inafika sentimita 17 tu. Mwizi hawezi kuitengenezea bango la barabarani lenye heshima. Basi acha kumpiga bibi harusi mhuri wa jina lako usoni kama gunia la mchele.

Hatua ya 5: Huna wateja? Jiagize mwenyewe

Unasema huwezi kuwa na tovuti ya kazi kwa sababu hujapata kazi. Nakuelewa, na dawa ipo. Kuwa mteja wako mwenyewe. Mama lishe wa mtaani kwenu ana ubao wa chaki usiosomeka. Mbunie orodha ya vyakula, mpe bure, kisha piga picha ikiwa imetundikwa na wali unafuka. Mpige picha fundi viatu akiwa na sindano yake, kwa ridhaa yake, umpelekee nakala. Buni jalada la kitabu ulichosoma shuleni. Chini yake andika maneno mawili, "mradi binafsi". Yaandike kwa herufi ndogo ukipenda, lakini yaandike.

Usione haya. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa amesomea chuo chochote cha sanaa. Alichukua mbao nyembamba za kujengea dari na rangi za baiskeli, akachora wanyama na ndege, na michoro ikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake. Ukuta wa dukani ndio uliokuwa tovuti yake. Kizuri chajiuza, tunasema, lakini kwanza lazima kitundikwe mahali watu wanapopita.

Hatua ya 6: Andika kidogo, ueleweke sana

Kila kazi ipe sentensi tatu. Mteja alikuwa na shida gani. Wewe ulifanya nini. Mwisho wake ukawaje. "Duka la vitenge lilikuwa na nembo isiyosomeka kwenye mfuko. Nilichora upya herufi na kuchagua rangi mbili. Sasa mifuko na kibao cha dukani vinafanana." Imetosha. Mkiwa mlifanya wanne, taja sehemu yako hasa. Mteja mjanja atawauliza wenzako.

Kuhusu maelezo yako binafsi, najua unatamani kuandika "mbunifu mahiri mwenye kipaji cha kipekee". Sifa hizo waachie wengine. Wewe andika unafanya nini, uko mji gani, umewahi kufanyia nani. Maneno 60. Halafu, kwa kuwa umejinyima sifa, jizawadie picha yako moja nzuri: taa ya ubavuni, unatazama pembeni kama umesikia wazo linapita. Moja. Unastahili.

Hatua ya 7: Kuwa mpangaji mwenye anwani ya mwenye nyumba

Kujenga tovuti kutoka msingi kunachosha. Pakia kazi zako kwenye jukwaa lililopo tayari, kama Behance, ambako kufungua ukurasa ni bure. Lakini nunua jina lako mwenyewe la kikoa, la .co.tz au .co.ke, kisha lielekeze kwenye ukurasa huo. Kwenye kadi panasomeka jina lako; mgeni anaingia akidhani umejenga ghorofa.

Jina hilo ndilo litakalokuokoa, kwa sababu wenye majukwaa hubadilika. Flickr ilitangaza mwaka 2018 kwamba akaunti za bure zitabaki na picha 1000 tu, na zinazozidi zikawekwa kwenye hatari ya kufutwa. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba katika kuhamisha mitambo ilipoteza muziki, picha na video za watumiaji, zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma. Adobe iliacha kuihudumia Flash mwisho wa mwaka 2020, na tovuti nyingi za wabunifu zilizojengwa kwa teknolojia hiyo zikabaki kioo cheupe. Mwenye jina lake huhamia kwingine jioni moja, na mteja anaendelea kubisha mlango uleule. Lipia miaka kadhaa kwa mpigo, kwa sababu najua utasahau.

Hatua ya 8: Sasisha mara mbili kwa mwaka, basi

Usiahidi kila wiki. Chagua siku mbili ambazo hata redio inakukumbusha: Saba Saba, na 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika. Ni sikukuu, uko nyumbani, pilau halijaiva. Kazi moja mpya inaingia, moja ya zamani inatoka. Sita hubaki sita. Ni shughuli ya saa moja.

Shetani atakuja kukunong'oneza ubadilishe tovuti nzima, rangi mpya, herufi mpya. Mfukuze. Wenzetu wengi wameingia humo na kutoka baada ya miezi minane, wakiwa na herufi nzuri na kazi zilezile.

Siku ikifika na huna kazi mpya, hamisha ya kwanza iwe ya tatu, ya mwisho iwe ya kwanza. Mgeni aliyewahi kupita ataona nyumba imepigwa rangi. Ujanja huu utumie mara moja. Ukifika siku ya pili huna kitu, funga kompyuta, rudi hatua ya 5.

Ili saa moja itoshe, jenga tabia ndogo: kazi ikiisha, siku hiyohiyo weka picha zake kwenye folda ya "Kuonyesha", na mwombe mteja ruhusa kwa ujumbe ambao utabaki nao. Sura ya mtu ni mali yake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Siku ya malipo mteja anatabasamu. Ombi la miezi sita baadaye husomwa na lisijibiwe.

Hatua ya 9: Weka namba ya simu

Mteja mmoja aliwahi kuniambia, "Kazi zako niliziona, nikazipenda, nikamtafuta mwingine." Kwa nini? Hakuona namba. Ilikuwa ndani ya ukurasa uliojificha nyuma ya vistari vitatu, chini ya fomu ya kujaza. Wateja wetu hawajazi fomu. Wanapiga, au wanatuma WhatsApp. Weka namba juu ya kila ukurasa. Kisha mpe shangazi yako simu, mwambie akutafute kupitia tovuti yako, na wewe unyamaze. Akikwama, rekebisha pale alipokwama.

Hatua ya mwisho: Usitupe ulichokificha

Sasa nikuombe jambo moja, na hili halina njia ya mkato. Zile kazi zote ulizozitoa katika hatua ya 1 usizifute.

Ukifika Mji Mkongwe, Zanzibar, ingia Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930. Kuta zimejaa picha za Zanzibar ya zamani: mitaa, majahazi, sura za watu. Nyingi zilipigwa kama kazi ya siku hiyo, na leo watu wanavuka bahari kuja kuzitazama. Siku picha inapopigwa, hata mpigaji hajui ipi itakuja kutafutwa.

Kwa hiyo nunua diski mbili, moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu unayemwamini. Weka kila kitu: picha iliyokataliwa, nembo ya kampuni iliyokufa, mchoro wa kwanza wenye mikono mirefu kupita kiasi. Zile tarehe ulizozifuta kule mbele ya wageni, huku ziandike zote, pamoja na mahali na majina ya waliomo.

Haya, fungua simu. Tafuta ya kwanza.