Na Hili Nalo Mnalilipia?

Australia mtu akistaafu haendi kijijini kujenga. Ananunua nyumba yenye magurudumu, anaifunga nyuma ya gari, kisha yeye na mkewe wanaanza kuzunguka bara zima wakifuata jua. Kuanzia Mei hadi Septemba, kusini kukishika baridi na mvua, barabara ya pwani ya magharibi inayotoka Perth kwenda kaskazini hujaa karavani: wazee wenye mvi, mbwa mdogo dirishani, baiskeli mbili zimefungwa nyuma. Sisi wakazi wa Perth ambao bado tunaamkia kazini huwaiga likizo ya shule ya Julai, tukiwa na watoto, madeni na, kwa upande wangu, baba mkwe.

Baba mkwe wangu ni mfugaji wa Magu. Alikuja kutusalimia, na mke wangu akasema haiwezekani baba yake atoke Usukumani mpaka Australia aishie kuonyeshwa maduka. Lazima aone ng'ombe. Wazo lilikuwa zuri, ila hakuna aliyekumbuka kuipima karavani kwa kipimo cha heshima. Ndani ina urefu wa mita sita. Kutoka mto wangu hadi mto wa Mzee ni hatua chache na pazia moja. Mimi nimelelewa Tanga, nikafundwa kwamba mkwe humkalii karibu, humvulii shati, na ukitaka kukohoa unatoka nje. Sasa nilitakiwa kukoroma kwa adabu. Nikawa nalala na suruali ndefu, mkanda umefungwa.

Kutoka Perth hadi Carnarvon ni kama kilomita 900, na nyingi kati ya hizo hazina cha kusimulia isipokuwa malori. Lori moja huvuta matela matatu, na urefu wake wote unaweza kuzidi mita 50. Likikupita, kwanza upepo wake unakusukuma pembeni, halafu mkia wake unakuvuta, na karavani huko nyuma inaanza kucheza ngoma isiyoijua. Mzee alikaa mbele kwa haki ya umri. Kila lori likipita alishika dashibodi na kusema, "Pole." Sikujua anampa nani pole, mimi au karavani.

Carnarvon ni mji wa ndizi kando ya mto Gascoyne, mto mrefu kuliko yote Australia Magharibi, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Maji yapo, lakini yako chini ya mchanga, na wakulima huyavuta kwa pampu. Hilo halikumshangaza Mzee. Kwao nako kiangazi mto huchimbwa. Kilichomshinda ni genge la ndizi lisilo na muuzaji: meza, mafungu ya ndizi, bei kwenye ubao, na kopo la chuma lenye tundu la kutumbukizia hela. Alikataa kugusa kitu. Akasimama kando ya meza, mikono nyuma, kumsubiri mwenye mali. Gari likaegeshwa, mama mmoja akashuka, akachukua fungu, akatumbukiza sarafu, akamwona Mzee pale na kumshukuru sana kwa ndizi zake. Mzee akamwitikia kwa Kisukuma, kwa heshima zote. Aliyefuata akamuuliza kama kuna mapapai. Tulipofanikiwa kumtoa pale alikuwa ameshaanza kupanga mafungu upya.

Kaskazini ya hapo tukaiacha lami. Barabara za kwenda kwenye mashamba ya ng'ombe ni za changarawe, na magari yamezichonga rasta kuanzia mwanzo hadi mwisho, vijituta vilivyopangana kwa mamia. Wenyeji hukushauri upunguze upepo wa matairi ili mpira unyonye mtikisiko. Tulipunguza. Matairi yalinyonya sehemu yao, na iliyobaki ikanyonywa na kabati la jikoni. Tuliposimama, mke wangu alifungua mlango wa karavani, akatazama ndani, akaufunga, akaufungua tena kana kwamba mara ya pili mambo yangekuwa mengine. Mfuko wa sembe ulikuwa umepasuka. Dumu la maji lililokuwa juu yake lilikuwa limelegea kifuniko. Kwa mwendo wa karibu saa mbili barabara ilikuwa imesonga ugali bila moto, ikautia binzari, ikaupaka kwenye godoro la watoto. Mzee alichomeka kidole, akaonja. "Haujaiva," akasema.

Halafu kuna mageti. Huku kuna sheria ambayo kila mtu anaijua: anayekaa mbele pamoja na dereva ndiye anayeshuka kufungua geti. Mbele amekaa Mzee. Sasa niambie, mkwe gani atabaki amekalia kiti amtume baba mkwe akafungue geti? Kwa hiyo nasimama, nashuka, nafungua, napanda, nasogeza gari hadi karavani yote ipite, nasimama, nashuka, narudi nyuma kwa miguu, nafunga. Kila geti lina mnyororo wake wenye fumbo lake, na ukiwa umeinama kulifumbua, nzi wote wa wilaya wanakuja kusoma pamoja nawe, wengine kutokea ndani ya pua. Mzee alinitazama kwenye kioo cha pembeni kwa utulivu wa mtu anayeona mahari yake haikuwa bure.

Shamba tulilofikia lilikuwa la kondoo enzi za sufu yao kuuzwa kwa bei nzuri, sasa ni la ng'ombe, na wenyewe wanakodisha uwanja kwa wasafiri. Kuegesha karavani kinyumenyume kwenye nafasi uliyopewa ni burudani ya kijiji kizima. Wastaafu walitoka na viti vyao, wengine na chai. Mke wangu akaanza kunipungia upande mmoja, binti yetu upande wa pili. Mzee akaja taratibu dirishani. Zamani aliendesha trekta na tela la pamba la chama cha ushirika. "Shika usukani kwa chini," akaniambia. "Mkono ukienda kulia, tela linakwenda kulia. Acha kufikiri." Karavani ikaingia mahali pake kwa mara moja. Wazee wa watu wakapiga makofi, na nadhani kuna waliovunjika moyo.

Bafu lilikuwa mabati yaliyozungushwa, juu mbingu. Maji yalipashwa kwa pipa lenye moto wa kuni chini yake. Chakula kilipikwa kwenye makaa, kwenye chungu kizito cha chuma. Simu haikushika mtandao. Mzee alioga, akarudi na taulo begani, akamuuliza mjukuu wake bei ya kulala pale. Akatajiwa: dola ishirini kwa mtu mzima, kwa usiku. Akanyamaza akizidisha kwa shilingi. "Na hili nalo mnalilipia?" Ieleweke kwamba Magu ana bafu la vigae, na hela ya vigae tulimtumia sisi, ili asiendelee kuoga kwenye uzio chini ya mbingu.

Asubuhi yake palitokea jambo la mkebe. Choo cha karavani kinamwaga chini kwenye mkebe wa plastiki wa lita kama ishirini, wenye magurudumu na mpini, ukiuona hivi ni begi la safari. Mwenye karavani anauburuta hadi mahali pa kumwagia, na adabu inataka aamke mapema kabla watu hawajatoka. Nikaamka mapema. Wasukuma huamka mapema zaidi.

"Mkwe, unasafiri?"

"Hapana Baba, natupa tu uchafu kidogo."

"Lete nikusaidie mzigo."

"Mwepesi, Baba."

Akashika mpini. Nikashika mpini. Tukaenda hivyo, tumeushika wote wawili, yeye akisalimia kila karavani kwa "Mwangaluka", hadi tulipofika na nikalazimika kufungua kifuniko. Mzee aligeuka akatazama upeo wa macho kwa muda mrefu. Tangu hapo hakukigusa tena choo cha karavani. Kila alfajiri alitembea mpaka choo cha kambi, mwendo wa robo saa.

Na njiani kulikuwa na geti lililo wazi.

Sasa mfugaji wa kweli hapiti zizi lililo wazi. Mzee akalifunga, akakaza mnyororo, akarudi kunywa chai akiwa na amani ya mtu aliyetenda wema. Mchana mwenye shamba akaja na gari lake la vumbi, mama wa makamo mwenye kofia pana, akiuliza kambi nzima ni nani aliyefunga geti. Sheria ya kwanza ya mashamba ya huku ni kwamba geti huachwa kama lilivyokutwa. Upande mmoja wa lile geti kulikuwa na ng'ombe, upande wa pili birika la maji.

Mzee alinyosha mkono. Kisha, kwa kuwa kesi imeshakwisha, akataka kujua na yeye: mchungaji yuko wapi? Binti yetu akawa mkalimani. Yule mama akacheka, akaegemea gari. Mchungaji hayupo, akasema, maji ndiyo mchungaji. Nchi hii ni kavu, ng'ombe hawezi kwenda mbali na kisima. Wakati wa kuwakusanya ukifika, wengine wanafukuzwa kwa helikopta na pikipiki, wengine wanategewa palepale penye maji, kwa geti la kuingilia lisilotokeka. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Akauliza ukubwa wa eneo. Hekta laki moja, karibu mara mbili ya kisiwa cha Ukerewe, na ardhi si yake, amekodi kwa serikali. Akauliza ng'ombe wangapi.

"Kama elfu mbili na kitu," mama akasema. "Tutajua tukiwakusanya."

Mzee aliomba atafsiriwe upya. Kwake kuna ng'ombe anaowajua kwa mlio. "Mtu asiyejua ng'ombe wake ni wangapi," akasema, "ama ni tajiri sana, ama ni mlevi." Binti alitafsiri nusu ya kwanza. Jioni yule mama alimpakia Mzee kwenye gari lake akaenda kumwonyesha ng'ombe wenye damu ya Brahman, wenye nundu na masikio ya kuning'inia. Alirudi usiku, amefurahi kama aliyekuta ndugu waliopotea.

Kutoka hapo tukateremkia baharini, nchi ninayoijua mimi. Mwamba wa matumbawe wa Ningaloo unafuata pwani kwa karibu kilomita 300, na kuna mahali uko karibu na ufuko kiasi kwamba unaufikia kwa kuogelea. UNESCO iliuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Huku ndiko watu wanakuja, kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka, kuogelea na papa potwe, yuleyule ambaye kwetu anaonekana Mafia kuanzia Oktoba. Ana madoa meupe, anaweza kupita mita kumi, na chakula chake ni vijidudu vya majini. Nilimweleza Mzee kwa fahari ya mtu wa pwani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Anavuliwa?"

"Hapana Baba. Ni marufuku."

"Kwa hiyo unalipa mamia ya dola, unaingia majini, unamwangalia samaki, unatoka."

"Ndiyo."

"Na njaa yako."

Kambi ya pwani haikuwa na maji, umeme wala mti. Ilikuwa na upepo. Karavani ina turubai la kivuli linalokunjuliwa ubavuni, na kila mwongozo unakwambia ulikunje kabla ya kulala. Jioni ile bahari ilikuwa shwari kama uji uliopoa, mke wangu akasema liache, watoto wataamkia kivulini. Kiasi cha saa nane usiku upepo ukabadili nia. Nikasikia chuma kikilia, kigingi kikang'oka, na karavani nzima ikainuka upande mmoja kama inayojiuliza. Nikatoka mbio. Upande wa pili wa turubai kulikuwa na mtu tayari amening'inia.

Usiku huo ulikuwa wa joto, na ilikuwa siku pekee niliyojiruhusu kulala bila suruali. Mzee naye alikuwa na msuli, ambao upepo uliuchukua mapema. Tukabaki mimi na baba mkwe, mbalamwezi ikiwaka, kila mmoja na nguo yake moja ya mwisho, tumeshikilia mita nne za turubai linalotaka kwenda Madagaska. Mikono ilikuwa na kazi, hakuna cha kujifunika. "Vuta, bwege wewe!" akanipigia kelele. Nikavuta. Hajawahi kuniita hivyo kabla, na kusema kweli tangu hapo nimelala usingizi mzuri, kwenye bukta, nikikoroma ninavyotaka. Msuli ulikutwa asubuhi kwenye karavani ya wastaafu, umekunjwa vizuri, na biskuti juu yake.

Njia nzima ya kurudi Perth Mzee hakuzungumzia ng'ombe. Alikuwa anafanya hesabu. Mtandao ulipopatikana alimpigia simu shemeji yangu, akamwamuru aache kupaka rangi bafu la vigae na badala yake azungushe mabati nyuma ya zizi. Kisha akamwita mjukuu aandike orodha ya bei kwa Kiingereza, kwa ajili ya wageni watakaopita Magu wakienda Serengeti. Kuchota maji kisimani, dola tano. Kuoga nje kwa maji ya moto wa kuni, tano. Kulala bila mtandao, kumi. Kufunga zizi jioni, ishirini, kwa sababu hiyo ni kazi ya ujuzi na mgeni lazima asimamiwe.

"Na choo, Babu?" binti akauliza, kalamu mkononi.

Mzee akanigeukia kwa upendo. "Hicho usikiandikie bei. Mjomba wako hana uzoefu. Andika: atakuja mkwe."